Minazi Tushaiona, Lete Jarife

Oya wana wa media, tuongee kiroho safi. Zoezi mnalopewa ni lile lile miaka nenda rudi: tengeneza mwanzo wa filamu, dakika mbili, majina ya waliocheza yaonekane, filamu yenyewe haipo na haitakuwepo. Silabasi ya Cambridge ya Media Studies inalo, na ticha wa video yeyote mwenye akili analipenda, maana linamuonyesha chap nani kaiva na nani anazuga. Sasa mcheki ticha wa watu kakaa na laptop yake anasahihisha. Kazi ya kwanza: giza, ngoma nzito, alamu ya simu inalia, demu anaamka, anapiga mswaki, anajikazia macho kwenye kioo. Jina la filamu linashuka kwa herufi nyekundu zinazochuruzika damu. Kazi ya pili: giza, ngoma nzito, alamu, mshkaji anaamka, mswaki. Dakika mbili zinakata, na tunachojua kuhusu hawa watu ni kwamba meno yao ni masafi.

Ukilileta zoezi pwani, mswaki unageuka mnazi. Droni inapaa, mchanga unang'aa, ngalawa inapita, dogo anakimbia ufukweni anacheka hata sijui anacheka nini. Kwa macho, unyama mwingi. Ila hiyo ni kalenda ya hoteli. Hakuna anayetaka kujua nini kinafuata, kwa sababu hakuna kinachofuata.

Mimi msimamo wangu ni mmoja na sibanduki: kazi ya mwanzo wa filamu ni kuficha. Unampa mtu kiasi cha kumfanya asogeze kiti mbele, halafu unakausha. Na kwa huku kwetu Tanga sijaona sehemu inayolifundisha hilo kama Kigombe.

Kwa wageni: Kigombe ni kijiji cha wavuvi, wilaya ya Muheza, unakikuta ukishika barabara ya pwani kutoka Tanga mjini kwenda Pangani. Upande huu bahari, upande ule mashamba ya mkonge yamejipanga mistari hadi macho yanachoka. Mkonge wenyewe una stori yake ya kibabe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, miche elfu ikaondoka, ikafika hai 62, ikapandwa huko huko upande wa Pangani. Kwenye hiyo 62 ndipo yalipoanzia mashamba yote unayoyaona. Hiyo filamu nyingine, mwachie mtu wa bajeti.

Filamu ya kijana asiye na kitu mfukoni iko majini. Wengi mnamjua samaki silikanti kwa kibao cha barabarani tu, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009. Msikilizeni vizuri huyu mwamba. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mabaki yake kwenye mawe, wakaandika kwamba katoweka tangu enzi za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 imepita, mada imefungwa. Desemba 1938 wavuvi wa Afrika Kusini wakamtoa kwenye wavu, mzima wa afya, na dada mmoja wa makumbusho ya East London, Marjorie Courtenay-Latimer, akashtuka kwamba huyu si samaki wa kitoweo. Dunia nzima ikadata. Kisha kuanzia 2003 nyavu za Tanzania nazo zikaanza kumuibua, Songo Mnara kule Kilwa kwanza, halafu pwani yetu ya Tanga ikachukua usukani, na Kigombe wamo kwenye hiyo orodha. Aliingia kwenye jarife, ule wavu mzito wa papa unaotegwa kwenye kina kirefu. Mvuvi katega papa, kapandisha kitu cha rangi ya buluu iliyokoza chenye madoa meupe, mapezi yametokeza nje kama viganja, na akimkuta mkubwa anakaribia mita mbili. Nyama yake mafuta matupu, tumbo litakulipisha. Sokoni hana jina.

Sasa niambie, hapo kuna haja ya droni?

Wana walivyokuja na wazo la kufanya zoezi lao Kigombe, dogo wa skripti alikuwa keshaandika kila kitu. Ngalawa, wavuvi watatu, alfajiri, jarife linapanda zito kuliko kawaida. Samaki anatokea, muziki unalipuka, jina la filamu. Tukakaa naye kijiweni tukamwambia, mdogo wetu, samaki mtoe. Kwanza huna samaki. Huyo kiumbe analindwa, na hata ukimpata wa mpira utachekwa mpaka Mkinga. Pili, ukimuonyesha dakika ya pili, dakika ya tatu nakaa kufanya nini? Spielberg alipopiga Jaws, iliyotoka 1975, papa wake wa mashine alikuwa anazimika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi jamaa amfiche. Ule mwanzo wa yule binti anayeogelea usiku, papa humuoni hata pezi, unamuona binti anavutwa tu. Miaka imepita lukuki, watu bado wanaogopa kuoga. Ubovu wa mashine ulimpa sinema bora kuliko mashine nzima ingempa.

Kwa hiyo tukachora upya. Skrini nyeusi. Sauti ya kasia kwenye maji. Kamba inasugua ubao. Mtu anahema. Picha ya kwanza ni mikono, karibu kabisa, unaona chumvi na makovu. Kisha uso wa nahodha. Kisha kijana wa mbele aliyekuwa anaimba kwa sauti ya chini, ananyamaza katikati ya wimbo. Kamba inakaza. Nyuso tatu zinaangalia chini majini, sisi tunaziangalia nyuso. Mtu mmoja anasema mstari mmoja tu. Kata. Jina.

Vita ikahamia kwenye huo mstari. Dogo kaandika: "Huyu si papa." Sio mbaya, unaweza ukauweka kwenye bango. Tukaenda nao kwa nahodha mmoja mzee, shikamoo zikapigwa, tukakaa kwenye kivuli alipokuwa anashona nyavu, tukamsomea. Mzee akatazama bahari kidogo, akauliza, "Wanangu, mmewahi kuvuta jarife?" Kimya. Akasema mvuvi akisikia uzito wa ajabu, hawazi samaki. Anawaza wavu wake. Wavu ni mkwanja wa miezi, umenasa kwenye mwamba au umeraruka? Kwa hiyo mtu wa kwanza kufungua mdomo angesema, "Limechanika?" Basi.

Nilihisi nywele zimesimama. "Limechanika?" ni swali la mtu mwenye njaa. Mtazamaji anajua kuna kitu chini, yule jamaa anahesabu hasara, na katikati ya hayo mawili ndipo filamu inapokaa. Dogo wa skripti akafuta mstari wake bila kinyongo, na mzee tukampa nafasi ya nahodha hapo hapo. Hakuna chuo kitakachokufundisha mstari kama ule. Unaupata kwa kukaa chini na kunyamaza.

Haya, tuje kwenye ufundi, maana huku ndiko wengi wanakopigwa chini.

Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linatoka baharini na linazama nyuma ya milima na mkonge. Ukitaka ule mwanga mlaini juu ya maji, ni saa kumi na mbili alfajiri na kitu, sio jioni kama mnavyoona kwenye video za watu wa upande mwingine wa dunia. Maana yake mlale kijijini. Ukisema utapanda gari ya asubuhi kutoka mjini, utafika jua lishapanda, nyuso za watu zina vivuli vyeusi chini ya macho, kila mtu anaonekana kadaiwa.

Halafu maji. Bahari ya huku haisubiri mtu apange shoti. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji inapita mita tatu. Unapiga klosapu ya mikono asubuhi, ngalawa inaelea. Mnabishana, mnakunywa chai, mnarudi kupiga ya mbali: ngalawa imekaa juu ya matope na kaa wanapita chini yake. Ukiziunganisha, ni uchawi. Kesho yake huwezi kurudi saa ile ile ukadhani mambo ni yale yale, kwa sababu maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Waulize wavuvi, wanatembea na hiyo ratiba kichwani. Ushauri wangu, pigeni maji mafu, bahari haichezi mbali, mnapata muda wa kuhema. Na anzeni na shoti pana zenye maji mengi, klosapu za mwisho, kwa sababu mkono ni mkono hata ukiwa nchi kavu. Zile klosapu za kamba sisi tulizipiga ngalawa ikiwa mchangani, wana wawili wanavuta upande wa pili wanajifanya bahari, mwingine anawamwagia maji kwa kopo. Kwenye skrini, huwezi kushtuka.

Kamera ni simu, hatuna stori nyingine. Ilaze, isisimame. Funga mwanga na fokasi kwa kubonyeza skrini na kushikilia, la sivyo kila wingu likipita picha inapauka na kukolea yenyewe. Fremu 24 au 25 kwa sekunde, moja tu, msichanganye. Lenzi ifutwe, jamani, chumvi ya bahari inakaa kwenye kioo na picha nzima inakuwa na ukungu ambao wengine wanauita "mudi". Huo ni uchafu. Na usizungushe simu huku na huku. Msee wetu wa sauti, katoka Likoni, mdomo hauna breki, alimkuta mpiga picha anayumba na simu akamwambia, "Buda, kwani umepoteza nani? Tulia hapo, wacha hao mabuda wavute kamba, wewe kazi yako ni kuwacheki tu."

Huyo huyo msee ndiye aliyeokoa kazi. Watu wanawaza picha, sauti wanaikumbuka siku ya kuediti. Kusi likivuma Kigombe, maiki ya simu inarekodi upepo peke yake, maneno utayasoma midomoni. Jamaa kaja na soksi. Simu ya pili kaivalisha soksi nene, kaificha ndani ya ngalawa chini ya kikapu, nje ya picha, akapiga kofi moja mwanzo wa kila shoti ili baadaye sauti na picha zishikane. Bado akaguna. "Maze, hii upepo ni ngori. Hatutoki na kitu safi hapa, tutengeneze yetu." Jioni tukajifungia kwenye chumba chenye magodoro, tukaitengeneza bahari upya: beseni la maji na mwiko ndiyo kasia, kamba ya mkonge inasuguliwa kwenye mguu wa kitanda, mzee mwenyewe kaletwa kuhema karibu na simu, akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi tukakiweka. Nikuapie, zile sekunde za skrini nyeusi ndizo kali kuliko zote. Ukivaa spika za masikioni unalowa.

Sasa heshima na karatasi, nitapita haraka lakini usiruke. Ukiingia kijijini, kwa mwenyekiti kwanza. Kisha BMU, wale wa usimamizi wa ufukwe, kisha watu wa hifadhi ya bahari, ueleze unafanya nini na boti inakwenda wapi. Sheria ya filamu ya nchi hii ni ya 1976 na bado ina meno, kwa hiyo chuo kikupe barua na muulize Bodi ya Filamu mapema kazi yenu inataka kibali gani. Droni ina wakubwa wake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Unaona? Mnazi wa juu nao una foleni.

Na hela. Mvuvi aliyebaki nchi kavu ili akuigizie kapoteza siku. Usimlipe kwa "tutakutagi." Mafuta ya boti, msosi wa maana, na chochote mtakachokubaliana kabla simu haijawashwa. Bajeti ya wana wengi inaliwa na fulana za kuandikwa "Crew" mgongoni, halafu nahodha anapewa soda. Huo ni uhuni.

Kuna kitu kingine kinanikera na leo nakisema. Ukitaja Tanga tu, wana wa kutoka mbali wanaleta skripti ya majini. Binti mrembo, baibui, macho yanageuka, mshkaji wa Dar kapotea. Halafu wanataka wakapige pale magofu ya Tongoni, usiku, kwenye makaburi ya kale. Wazee wetu wamelala pale, ule msikiti una karne kadhaa, na mwanafunzi kaja na unga wa uso mweupe. Waogopeni hata kwa adabu tu. Na kisinema ni uvivu: jini ndiye anayekufanyia kazi yote. Silikanti hana haja ya kugeuza macho. Kaishi pale chini tangu kabla binadamu hajajua kuwasha moto, na kijana anavuta kamba hajui kilichoshika upande wa pili.

Ukitaka kujifunza kwa majirani, kaangalie Nairobi Half Life ya 2012, ya David "Tosh" Gitonga. Ile ilitoka kwenye warsha ya kufundishia ya One Fine Day Films, yaani nayo ilizaliwa darasani kiaina, na Kenya ikaipeleka kugombea Oscar. Mwas, mhusika mkuu, unamkuta kijijini anauza DVD za mapigano huku anaziigiza mwenyewe, milio ya bunduki kwa mdomo. Ndani ya muda mfupi ushajua: huyu dogo ana kipaji, hana hela, na mji utamla. Hakuna aliyekwambia kwa maneno. Hakuna alamu, hakuna mswaki. Na karibu zaidi, pale Pangani, taasisi ya UZIKWASA ilitoa filamu ya Aisha mwaka 2015, mwongozaji Chande Omar, stori ya mwanamke anayerudi nyumbani kwa ajili ya harusi na mambo yanamharibikia vibaya sana, kisha anakataa kunyamaza. Ile ni filamu ndefu yenye kazi nzito ya kijamii, na imepigwa kwenye mitaa ile ile mnayopita na bodaboda. Kwa hiyo habari ya "huku hakuna lokesheni" tuiache.

Kuediti, CapCut inatosha, ila kabla hujaanza nunua bando la uhakika au pakua kila kitu ukiwa kwenye waifai ya chuo. Kosa la wengi ni kubandika ngoma ya msanii mkubwa kwa sababu inabamba. YouTube wanaweza kuizima sauti, na mwenye wimbo ana haki yake, COSOTA wapo kwa kazi hiyo. Sisi tulibaki na ule wimbo wa kijana wa mbele, aliouimba kwa sauti yake, ameutunga njiani kumsema shemeji yake. Ruhusa alitupa. Shemeji sina hakika kama kaulizwa.

Majina kwenye skrini nayo ni sehemu ya stori. Msiyarundike mwisho. Weka jina kila mahali palipo na pumzi: moja juu ya skrini nyeusi, moja pembeni ya kamba, jingine kwenye maji yaliyotulia. Herufi nyeupe, za kawaida, kubwa kiasi cha kusomeka kwenye simu ya bibi. Mchezo wa herufi kuzunguka na kulipuka waachie watu wa matangazo ya harusi. Na hakikisha jina la mvuvi limeandikwa anavyoliandika yeye, muulize, mpe kalamu. Wana walitaka kumwandika nahodha mwisho, chini ya "Shukrani". Tukazinguana kidogo hapo. Mstari wa filamu katoa yeye, uso ni wake, wavu ni wake. Akapanda juu, jina la pili baada ya mwongozaji, na kwa upande wa skripti likaongezwa tena.

Jina la filamu lenyewe? Dogo alitaka "Silikanti". Tukakataa kwa pamoja, maana ukishaliandika jina hilo umemtoa samaki majini kwa herufi. Ikaitwa "Jarife".

Kuitazama hatukuitazamia chuoni. Mwenye kibanda umiza alikubali tuiweke mapumziko ya mechi, Coastal Union wako nyuma bao moja, watu wana hasira. Skrini ikawa nyeusi, kasia likaanza, wakapiga kelele umeme umekata. Kisha mikono. Wakakausha. Ilipofika "Limechanika?" na picha ikakatwa, jamaa wa mbele akasimama, akamgeukia mwenye kibanda: "We rudisha hapo, tuone wamepandisha nini!" Akaambiwa imeisha. Akadai jero yake.